Tumefanya Nini? Kuisoma Takadini Upya Kutoka Kasulu

Kuna vitabu ambavyo mtu wa rika langu aliyesoma sekondari Tanzania hawezi kusema hajavigusa, labda kama alikuwa mtoro sugu. Takadini ya Ben J. Hanson ni kimojawapo. Tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Tukakariri majina magumu ya Kishona, tukaandika "imani potofu" na "nafasi ya mwanamke katika jamii", tukapata alama zetu na maisha yakaendelea. Mwaka huu nimekirudia kwa sababu nyingine kabisa, na baada ya kukimaliza nimeamini kwamba kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya riwaya hii kimekaa mahali ambapo swali la mtihani halielekezi kidole.

Kwa aliyesahau: Sekai ni mke wa kwanza wa Makwati. Amekaa miaka na miaka bila mtoto, huku wake wenza, akina Rumbidzai, Pindai na Dadirai, wakimpita. Hatimaye anajifungua, na mtoto ana ualbino. Mila ya kijiji haina nafasi kwa mtoto wa namna hiyo. Asipofanya kitu atauawa. Sekai anamfunga mgongoni na kutoroka naye usiku, anapokelewa kwenye kijiji kingine, anaishi kwa Chivero, mzee mpiga mbira, na mtoto anakua. Jina la mtoto, kwa Kishona, ni swali: sisi tumefanya nini?

Swali hilo ndilo lililonirudisha. Hebu mtazame Makwati. Ana wake kadhaa. Wengine wamemzalia watoto weusi kama wazazi wao, na mmoja tu amezaa mtoto mwenye ualbino. Kwa jicho la kawaida, hesabu imekwisha hapo. Mwanaume ni yuleyule, watoto wa wenzake ni "wazima", kwa hiyo mkosi umetoka kwa Sekai. Ukiwa mkwe, au jirani, au mke mwenza mwenye wivu, ushahidi huo unatosha kumfunga mtu.

Sasa uchukue ushahidi huohuo umpelekee mtu wa vinasaba. Atakuambia kinyume chake. Ualbino unahitaji nakala mbili za jeni yenye hitilafu, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja haonekani chochote kwenye ngozi, anaibeba tu, kama mtu anayebeba barua kwenye bahasha asiyojua imo nini. Sekai na Makwati wote ni weusi, na mtoto wao ana ualbino. Basi wote wawili wanabeba. Hakuna njia nyingine. Watoto wa wake wengine hawana ualbino kwa sababu moja rahisi, kwamba inaelekea mama zao hawabebi. Lakini nusu ya watoto hao, kwa makadirio, nao wamechukua bahasha ya baba yao na wataipeleka mbele. Yaani riwaya imetuwekea mezani ushahidi wote unaotakiwa kumwondolea Sekai lawama, na imeuweka kwa namna ileile ambayo kijiji kingeutumia kumlaumu. Sidhani mwandishi alikuwa anachora chati ya urithi, alikuwa anaandika ndoa ya mitara. Ila riwaya nzuri ina tabia ya kuwa na ukweli mwingi kuliko mwenyewe alioutia.

Kwa nini Kasulu? Kwanza kwa sababu ya Kabanga. Wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walikusanywa na kuhifadhiwa kwenye vituo, na Kabanga, hapa Kasulu, ilikuwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Kwa hiyo kuna watoto waliokua nyuma ya uzio wilaya hii kwa sababu swali la "tumefanya nini" lilijibiwa na watu wenye mapanga. Takadini haikuwa ngano ya Zimbabwe kwa watu wa huku.

Sababu ya pili iko Titye, na haihusu ualbino. Inahusu ugonjwa unaorithiwa kwa kanuni ileile, nakala mbili kutoka kwa wazazi wawili ambao wenyewe hawaumwi. Wataalamu wa Kiswahili wameuita selimundu. Ni neno lililotungwa vizuri sana, seli yenye umbo la mundu, na mundu kila mtu wa huku anaujua. Na hakuna anayelitumia. Watu wanasema sikoseli, nami nitasema sikoseli.

Mke wa binamu yangu alirudi kwao Titye na watoto wawili wenye sikoseli. Alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza ana watoto wanne, wote wanakimbia barabarani kama mbuzi. Yeye alizaa watatu. Wa kwanza mzima, wa pili akaanza kuvimba vidole vya mikono na miguu alipokaribia mwaka, wa tatu vilevile. Kwenye kituo kimoja cha afya mtoto yule wa pili alipewa dawa mseto ya malaria mara nyingi kiasi kwamba kadi yake ya kliniki ilijaa. Mpaka siku alipoishiwa damu kabisa, akapewa rufaa, akaongezewa damu, ndipo mtu mmoja akafikiria kupima kitu kingine. Alikuwa ana miaka mitatu.

Tuliongea tukiwa tumekaa kwenye mkeka, anapepeta maharage.

"Na yeye alipimwa?" nikamuuliza. Namaanisha binamu yangu.

"Nani, yeye? Apimwe nini, shemeji? Ana watoto wanne wazima kule. Mama mkwe alishasema, kwetu hakuna ugonjwa huo."

Si ni Makwati yuleyule? Watoto wazima wa mke mwingine wamekuwa cheti cha afya cha baba. Na cheti hicho ni cha uongo, kwa hesabu isiyo na mjadala. Mtoto mwenye sikoseli ya aina hii ya kawaida, ile ya SS, amepata S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Mwanaume mwenye watoto wawili wa SS anabeba S, hata angekuwa na watoto arobaini wazima kwa wanawake wengine.

Nimeanza na mtu mmoja kwa sababu takwimu za ugonjwa huu huwa zinasomwa haraka haraka tarehe 19 Juni, Siku ya Sikoseli Duniani, halafu zinasahaulika. Lakini ipo moja ambayo, kama msomaji wa hadithi, imenikaa. Watafiti wa Bugando, Mwanza, walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ambayo yalishakusanywa kwa kazi nyingine, ya kupima VVU kwa watoto wachanga. Mikoa ilikuwa ya kaskazini magharibi, Kigoma ikiwemo, na watoto walizidi 17,000. Walipoyapima upya matone hayo wakitafuta sikoseli, walikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano anabeba S moja, na zaidi kidogo ya mmoja kwa mia ana ugonjwa wenyewe. Unaweza kuihakikisha hesabu hiyo kwa kalamu. Kama mtu mmoja kati ya watano anabeba, ndoa moja kati ya 25 itakuwa ya wabebaji wawili. Katika ndoa hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Ishirini na tano mara nne, mia moja. Kwa nchi nzima makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa na sikoseli kila mwaka, na Tanzania inatajwa kwenye kundi moja na Nigeria, India na Kongo.

Tone lililochukuliwa kwa ajili ya Ukimwi likasomwa kwa ajili ya sikoseli. Kisayansi ni ubunifu wa hali ya juu, na ni wa bei nafuu. Kifasihi ndiyo hasa shida yetu. Maana sisi pia tunausoma ugonjwa wa kurithi kwa macho tuliyopewa na Ukimwi.

Kumbuka vitabu vingine vilivyokuwa mezani pamoja na Takadini. Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation. Orodha ya Steve Reynolds. Tamthiliya zote mbili ni za Ukimwi na zilifanya kazi kubwa. Nisiwe mwizi wa fadhila, ziliokoa watu. Ila angalia ugonjwa unavyokaa ndani yake. Katika Kilio Chetu vijana hawakuelimishwa, wakajaribu, wakaumia, na kila hatua ya maumivu ya Joti na Anna ina tendo nyuma yake. Katika Orodha msichana Furaha anakufa na kuacha orodha, na kijiji kizima kinatetemeka kila mwanaume akiogopa jina lake limo. Orodha yenyewe haikuwa ya majina, na hapo ndipo ujanja wa tamthiliya ulipo. Lakini hofu ya kijiji ndiyo iliyotubaki kichwani. Ugonjwa una chanzo, chanzo ni tendo, tendo lina mtu, mtu ana jina.

Kizazi kizima kilifundishwa hivyo, darasani na kwenye mabango na redioni, kwamba kupima ni kwenda kusikiliza hukumu. Na majibu ni mawili tu, anao au hana. Sikoseli ikaja ikakuta lugha hiyo imeshashonwa, ikavishwa nguo ya marehemu mwingine. Nimesikia watu wazima wakisema mtoto fulani "ameathirika na sikoseli" kwa sauti ileile ya chini. Nimesikia "pima kabla ya ndoa" ikitangazwa kwa pumzi moja, VVU na sikoseli, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Tatizo ni kwamba sikoseli haina majibu mawili, ina matatu. Kuna AA, kuna AS, kuna SS, na wa katikati si mgonjwa. Hili si jambo la kinadharia. Kipimo cha zamani na cha bei rahisi, kile cha kuangalia kwenye hadubini kama chembe zinajikunja, hakiwezi kumtofautisha AS na SS. Kinasema "ndiyo" kwa wote wawili. Kipimo cha kuwatofautisha kinahitaji mashine ya kuchambua himoglobini, au siku hizi vipimo vya haraka vya tone moja la kidoleni, vinavyofanana na vile vya malaria. Sasa mchukue binti wa miaka ishirini aliyezoea lugha ya anao au hana, mpe karatasi iliyoandikwa "positivu" kutoka kwenye kipimo kile cha kwanza. Ameondoka na ugonjwa ambao hana.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kuna hadithi nzuri ya kweli ya kuwaambia AS wote wa Kigoma, na imetokea Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alijiuliza kwa nini jeni inayoua watoto imeenea hivi kandokando ya maziwa na pwani, na ni adimu kwenye nyanda kavu za juu. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake: mwenye S moja anakingwa dhidi ya malaria kali. Sehemu ya damu aliyoipima baadaye, kwa watoto wachanga na watu wazima ili kuona nani anabaki hai, ilitoka Musoma. Kwa hiyo mtu akiuliza "tumefanya nini?" kuhusu sikoseli, jibu lipo. Babu zetu waliishi penye mbu, na waliopona ndio waliotuzaa. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa watoto wadogo wa Kigoma 24 kati ya kila 100, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Shangazi yangu mmoja nilimweleza hili, akacheka, akasema basi ni deni la mbu. Sijasikia tafsiri bora zaidi ya jambo hili kutoka kwa mtaalamu yeyote.

Jaribu limekuwapo pia la kufanya kinyume, la kuuingiza ugonjwa kwenye fasihi kwa nguvu. Wanaoijua Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Achebe, watamkumbuka Ekwefi, aliyezaa kumi na kuzika tisa, na Ezinma aliyebaki. Kijiji kinasema ni ogbanje, mtoto mmoja anayekufa na kurudi tumboni kumtesa mama. Majina wanayopewa watoto ni ya kumbembeleza au kumsuta mauti. Huku kwetu, na kwa jirani zetu Warundi ambao lugha yao na Kiha ni mtu na mdogo wake, majina ya namna hiyo yapo, na kwenye Kiswahili tuna Mashaka, Tabu na Majuto. Wapo madaktari walioandika kwamba ogbanje ndiyo sikoseli, maana watoto wa SS hufa wadogo na familia moja huweza kufiwa tena na tena. Wazo linavutia. Lakini ukikaa na kikokotoo, wazazi wawili wa AS kupoteza watoto tisa kati ya kumi kwa sikoseli pekee ni jambo la kutokea mara moja katika familia kama 35,000. Achebe hakuwa anaandika faili la hospitali. Na humohumo kitabuni Ezinma anashikwa na homa, iba, na baba yake anaingia porini kutafuta majani ya kumtibu. Homa na watoto wanaorudi wamekaa kurasa za jirani, na hiyo inanitosha. Mhakiki anayempima mhusika damu huishia kuacha kilio cha Ekwefi nje ya maabara.

Hiyo moja kati ya nne ndiyo inayotushinda, kwenye fasihi na kwenye maisha. Hadithi zetu zinapenda utabiri ulionyooka. Mganga akipiga bao, lililosemwa litatokea, na mhusika akijaribu kulikwepa ndipo hasa atakapokutana nalo. Kiswahili kinatumia neno hilohilo, utabiri, kwa mganga, kwa mamlaka ya hali ya hewa na sasa kwa vinasaba. Lakini jeni haitabiri kama mganga. Wazazi wa AS wakipata watoto wanne, karibu theluthi moja ya familia hizo hazitapata hata mtoto mmoja wa SS. Nyingine zitapata wawili au watatu. Mke wa binamu yangu aliniambia kwamba muuguzi alimweleza vizuri kabisa, mmoja kati ya wanne, naye akaelewa hivi: wa pili ameshaumwa, basi wa tatu na wa nne watakuwa salama, zamu imepita. Si ujinga huo. Ndivyo hadithi zinavyokwenda, msiba ukishafika unakuwa umefika. Kila mimba inaanza upya na karata zilezile, na hakuna ngano ninayoijua iliyojengwa juu ya kanuni hiyo.

Riwaya moja iliyojaribu ni Stay With Me ya Mnigeria Ayobami Adebayo, ya mwaka 2017. Yejide na Akin wanatafuta mtoto kwa miaka, watoto wanakuja, na sikoseli inaingia nyumbani pamoja nao. Sitaki kumharibia asiyeisoma, ila nitasema hili: mwandishi ameelewa kwamba kipimo cha damu hakimpimi mtoto peke yake. Kinaipima nyumba nzima, kikiwemo kile ambacho mume na mke wamefichana, hata suala la nani amemzaa nani. Herufi mbili kwenye karatasi zinaweza kufanya kazi ambayo kwenye tamthiliya zetu inafanywa na barua iliyookotwa. Na jina la mtoto wa mwisho, Rotimi, ni ombi: kaa nami. Linakaa vizuri kando ya Takadini. Jina moja linauliza tumekosa nini, jingine halina muda wa kuuliza, linasihi tu.

Baada ya Adebayo, Takadini inaonyesha udhaifu wake, na haifai kuificha. Wake wenza wamechorwa kwa mkaa mweusi mno, hasa Dadirai, ambaye wivu wake umepewa kazi ambayo mila nzima ilipaswa kuibeba. Kiswahili cha tafsiri ni safi lakini kimepigwa pasi kupita kiasi. Na Chivero ni mwema tangu anapoingia mpaka anapotoka. Mwandishi anataka tumpende Takadini, kwa hiyo anampa kipaji cha mbira, na hapo nina ugomvi naye. Je, angekuwa mtoto mvivu asiyejua kupiga chochote, tungemwachia aishi?

Pamoja na hayo, kuna sehemu ambayo naiona imewazidi waandishi wengi wa mabango ya afya. Wazee wa kijiji cha Sekai hawajioni wauaji. Wanajiona wanazuia. Wanazuia mkosi usienee, wanalinda watakaozaliwa. Neno "kuzuia" lina sura hiyo pia, na sisi tunaoandika habari za afya tunalirusha kila siku bila kuangalia linatua wapi. Unaposema tupime ili tuzuie sikoseli, unaweza kuwa unasema mambo mawili yaliyo mbali kama Kigoma na Tanga. Moja ni: hawa wawili wasioane. Lingine ni: huyu mtoto asife.

La kwanza ndilo linalopendwa kwenye matangazo kwa sababu ni rahisi kulitangaza. Saudi Arabia imewataka wachumba wote wapime tangu 2004, na hata huko sheria haiwazuii kuoana, inawapa majibu tu, na mwanzoni wengi walioambiwa damu zao haziendani walioana vilevile. Sipingi watu kujua kabla. Wajue, tena wajue shuleni, kabla moyo haujapenda. Lakini kama habari itaishia hapo, basi mtoto wa Titye ambaye ameshazaliwa amewekwa kwenye upande wa makosa ambayo kipimo kingezuia. Amekuwa musope wa kijiji cha Sekai.

La pili halina mvuto wa tangazo, lakini ndilo lenye hesabu ya uhai. Mtoto wa SS anazaliwa akiwa na damu ile ya tumboni, ambayo inamkinga kwa miezi ya mwanzo, kwa hiyo anaonekana mzima kabisa. Hicho ndicho kipindi cha kumjua, kwa tone la kisigino, kabla ya kuvimba vidole na kabla bandama haijashindwa kazi. Akijulikana anaanza penisilini ya kunywa kila siku mpaka afikishe miaka mitano, anapata chanjo zake, anakingwa dhidi ya malaria, baadaye haidroksiyurea ya kupunguza maumivu. Asipojulikana, makadirio ya Afrika ni kwamba nusu au zaidi ya watoto hawa hufa kabla ya miaka mitano, wengi wakiwa wameandikwa malaria, au nimonia, au "upungufu wa damu". Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu 2004, kwenye kazi inayofungamana na jina la Profesa Julie Makani. Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto. Uingereza na Marekani waliidhinisha mwishoni mwa 2023 tiba ya kuhariri jeni yenyewe, bei yake Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naandika hivyo halafu naikumbuka kadi ya kliniki ya mtoto wa Titye, na kipimo cha tone moja ambacho hakikuwepo pale kituoni.

Ualbino nao una kuzuia kwa namna hiyo ya pili. Hakuna anayehitaji maabara kumtambua mtoto mwenye ualbino, anaonekana siku ya kwanza. Kinachomuua, mapanga yakikaa kando, ni saratani ya ngozi, na hiyo inazuilika kwa kofia, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua. Yale ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Katika riwaya, Sekai anamficha mtoto wake jua kwa akili ya mama tu. Hana neno la kitaalamu hata moja, na amefika kwenye matibabu sahihi.

Nilipokuwa Kasulu mjini nilimwendea mwalimu wa Kiswahili niliyesoma naye chuo. Nikamwomba kitu kimoja: afundishe Takadini kama kawaida, ila siku moja achore ubaoni kile kiboksi cha biolojia chenye vyumba vinne, baba juu na mama pembeni. Akasema atachekwa. Akachora. Nilikaa nyuma ya darasa, kidato cha tatu, wanafunzi kama sitini, mvua inapiga bati mpaka mwalimu akawa anapiga kelele. Aliandika Makwati juu, Sekai ubavuni, akajaza vyumba kimoja kimoja. Msichana mmoja upande wa dirishani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo Makwati naye alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Na alijua?"

Mwalimu akanitazama mimi, kana kwamba ndiye mwenye kitabu. Mvulana mwingine akadakia kwamba angejuaje na wakati huo hapakuwa na hospitali. Msichana akasema hajauliza kuhusu hospitali, anauliza kama mtu alimwambia. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana. Mwalimu akawaambia wakachore kiboksi cha Rumbidzai nyumbani, na waje nacho Jumatano.